Kilichobaki Baada ya Michoro Kuungua: Urithi wa Wabunifu wa Katalonia

Mwezi Julai 1936, siku chache baada ya majenerali wa Hispania kuasi na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, watu waliokuwa na hasira dhidi ya Kanisa walivamia eneo la ujenzi wa kanisa la Sagrada Família mjini Barcelona na kuitia moto karakana ya Antoni Gaudí, msanifu aliyekuwa amefariki miaka kumi kabla baada ya kugongwa na tramu. Michoro iliteketea karibu yote. Mifano ya jasi, ambayo ndiyo hasa aliyoitumia kufikiri na kuwaelekeza mafundi wake, ilivunjwa vipandevipande. Kwa hesabu ya kawaida, kanisa ambalo halikuwa limefika hata nusu lilipaswa kubaki gofu. Leo limepaa mpaka mnara wake mkuu umepangiwa kimo cha mita 172.5, na wanaoendelea kulijenga hawakumjua Gaudí.

Makala nyingi kuhusu Katalonia, eneo la kaskazini-mashariki mwa Hispania ambalo Barcelona ndio mji wake mkuu, huishia kwenye kustaajabia. Hutaja Gaudí na wachoraji Joan Miró na Salvador Dalí, huongeza mwanasayansi mmoja au wawili ili orodha ijae, kisha husema kwamba taifa dogo limezaa vipaji vikubwa. Maelezo ya namna hiyo hayamfundishi msomaji kitu, kwa sababu vipaji huzaliwa kila mahali. Swali lenye manufaa ni kwa nini kazi fulani ziliendelea kuzaa kazi nyingine baada ya wenyewe kufa, kukimbia nchi au kufilisika, na nyingine zikabaki picha za kuchapwa kwenye fulana na vikombe vya watalii. Jibu langu ni kwamba zilizodumu zilikuwa na njia ya kazi ndani yake, njia ambayo mtu mwingine, mahali pengine, aliweza kuishika kwa mikono yake na kuiendeleza bila kuomba ruhusa kwa mwenye jina.

Tuanze na lile kanisa lililoungua. Baada ya vita wasaidizi wa Gaudí waliokota vipande vya jasi na kuanza kuvioanisha, na kazi hiyo ikarithiwa na vizazi vilivyofuata; kuanzia 1979 aliingia humo Mark Burry, kijana msanifu kutoka New Zealand, ambaye baadaye alileta programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya kuunda ndege. Lakini kompyuta ingekuwa bure kama Gaudí angechora mikunjo yake kwa hisia tu. Katika miaka yake ya mwisho alijifunga kwenye maumbo machache ya jiometria, kama vile hiperboloidi na helikoidi, yenye sifa moja ya ajabu: kwa jicho yamepinda, lakini yametokana na mistari iliyonyooka inayosogezwa kwa kanuni. Fundi anaweza kuyasimamisha kwa fito na uzi. Kwa hiyo kipande cha jasi kilichohifadhi sehemu ndogo ya mkunjo kinatosha kumwezesha anayejua kanuni kukokotoa mkunjo mzima.

Njia hiyo ilikuwa imekomaa mahali ambapo watalii ni wachache zaidi, huko Santa Coloma de Cervelló, nje ya Barcelona, ambako tajiri Eusebi Güell alikuwa na kiwanda cha nguo pamoja na kijiji cha wafanyakazi wake. Mwaka 1898 Gaudí alipewa kazi ya kujenga kanisa la kijiji hicho. Badala ya kukimbilia kwenye karatasi, alitundika nyuzi kwenye dari la banda lililokuwa karibu na eneo la ujenzi, akafunga kwenye nyuzi hizo vifuko vilivyojaa chembe za risasi, kila kimoja kikiwakilisha kwa kipimo uzito ambao sehemu hiyo ya jengo ingebeba. Uzi ulioshikwa ncha mbili hujikunja kama mkufu shingoni, na katika umbo hilo kila sehemu yake inavutwa tu, haisukumwi. Ukiligeuza umbo hilo juu chini, kila sehemu inasukumwa tu, haivutwi, na hicho ndicho tofali na jiwe vinachokiweza. Gaudí aliupiga picha mfano wake wa nyuzi, akaigeuza picha, kisha akachora kanisa juu yake. Kazi ya kutundika, kuongeza kifuko hapa na kupunguza pale, ilichukua miaka, kwa maana kila uzito ukibadilishwa mahali pamoja nyuzi zote huhama.

Ujenzi ulianza 1908 na kusimama 1914, kikiwa kimekamilika chumba cha chini peke yake. Ukikitazama kwa karibu unaona jambo ambalo kanisa kubwa la mjini linalificha kwa ukubwa wake: nguzo za basalti, jiwe jeusi la volkano, zilizochongwa kidogo tu, zimeinama kana kwamba zinasaidiana kubeba mzigo, na madirishani vyuma vya kuzuia vilivyotengenezwa kwa sindano chakavu za mitambo ya kufumia nguo kutoka kiwanda cha jirani. Mgeni hushangaa kwamba nguzo zimeinama. Kwa hesabu ya uzi, cha kushangaza kingekuwa zisimame wima, kwa sababu mzigo wa tao haushuki wima.

Kanuni yenyewe haikuwa ya Gaudí. Mwingereza Robert Hooke aliitangaza 1675, na mwaka 1748 Mwitalia Giovanni Poleni aliitumia kuchunguza nyufa za kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Mchango wa Gaudí ulikuwa kuitoa kwenye tao moja na kuitandaza kwenye jengo zima lenye pande zote, akitumia vitu vinavyopatikana kwenye duka lolote la mji mdogo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu sifa za kupita kiasi humgeuza kuwa mwotaji aliyepokea maumbo kutoka mbinguni, na mwotaji hana mwanafunzi.

Mbinu iliyosafiri mbali kuliko zote, hata hivyo, haikuwa na msanifu. Waashi wa Katalonia na Valencia walikuwa na desturi ya karne nyingi ya kutengeneza dari la tao kwa vigae vyembamba vya udongo wa kuchoma, vilivyolazwa bapa badala ya kusimamishwa kwa ubavu. Tabaka la kwanza huunganishwa kwa jasi, ambayo hukauka kwa muda mfupi sana, kiasi kwamba fundi akishikilia kigae hewani kidogo, kinabaki pale pale bila kuhitaji mbao za kukibeba kwa chini. Likishafungwa tabaka hilo, huja la pili na la tatu kwa saruji, vigae vikilazwa mshazari ili viungo visilingane, na fundi husimama juu ya sehemu aliyomaliza ili kujenga inayofuata. Matokeo yake ni gamba lenye unene wa sentimita chache tu linalobeba sakafu nzima ya kiwanda, bila mbao na bila nondo.

Rafael Guastavino, mzaliwa wa Valencia aliyesomea Barcelona na kujenga viwanda huko, alihamia Marekani mwaka 1881 akiwa na mtoto wake mdogo mwenye jina kama lake. Wamarekani walikuwa bado wanakumbuka moto ulioteketeza Chicago mwaka 1871, na dari la udongo wa kuchoma, lisiloshika moto, lilikuwa jibu walilolihitaji. Guastavino alisajili hataza, yaani haki za kisheria za mvumbuzi, za mbinu hiyo kuanzia 1885, akapata kazi kubwa ya Maktaba ya Umma ya Boston, na kampuni yake, ambayo mwanawe aliiongoza baada yake, ilishiriki katika majengo zaidi ya elfu moja kabla ya kufungwa 1962. Ukumbi wa Ellis Island, kisiwa cha bandari ya New York ambako wahamiaji walisimama kusubiri kukubaliwa au kurudishwa, uliwekewa dari lake 1918. Lilipokaguliwa katika matengenezo ya miaka ya 1980, kati ya vigae zaidi ya 28,000 vilivyohitaji kubadilishwa vilikuwa 17 tu. Kuna kinaya kidogo hapa, kwamba mtu alijipatia hataza kwa ujuzi ambao waashi wasiojulikana majina walikuwa wakirithishana bila malipo. Lakini bila biashara hiyo, na bila mwanahistoria George Collins wa Chuo Kikuu cha Columbia kuokoa nyaraka za kampuni ilipokuwa inafungwa, pengine wahandisi wa kizazi hiki wasingepata kumbukumbu za kujifunzia.

Hapa lazima niingize jambo ambalo vijitabu vya watalii hulipita kimya. Fedha zilizogharimia uhodari wa Barcelona zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilitoka Kuba. Joan Güell, babake Eusebi, alianza kutajirika Havana kabla ya kurudi nyumbani na kufungua kiwanda cha nguo. Eusebi alimwoa binti wa Antonio López, Markizi wa kwanza wa Comillas, tajiri wa meli aliyeanzia huko huko Kuba na ambaye shemeji yake mwenyewe alimshutumu, katika kitabu kilichochapwa 1885, kwamba alifanya biashara ya watumwa. Utumwa ulikomeshwa rasmi Kuba mwaka 1886, Gaudí akiwa ameshaanza kazi ya jumba la Güell mjini. Mwaka 2018 manispaa ya Barcelona iliiondoa sanamu ya López kwenye uwanja wake. Sisemi kwamba kila kigae cha Park Güell, bustani ambayo Gaudí alimbunia Eusebi, kinadaiwa. Nasema kwamba historia ya ubunifu inayotaja mfadhili bila kutaja chanzo cha mfuko wake ni nusu ya historia, na nusu iliyoachwa inawahusu Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu.

Na ni huko huko Kuba ambako dari la vigae lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1961 serikali ya mapinduzi iliamua kujenga shule za taifa za sanaa kwenye uwanja wa gofu uliokuwa wa matajiri wa Havana. Kutokana na vikwazo vya Marekani, saruji na chuma vilikuwa adimu, na wasanifu Ricardo Porro, Vittorio Garatti na Roberto Gottardi wakaamua kutumia matofali na dari la Kikatalani. Kazi ilisimamishwa 1965, majengo yakaachwa kwenye majani, baadhi yake hayajakamilika mpaka sasa. Wakubwa walikuwa wamegeukia zege la viwandani na kuona matao hayo ni anasa. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa. Dari lenyewe halikushindwa.

Baada ya hapo mbinu ilifika kwetu barani. Huko Limpopo, Afrika Kusini, msanifu Peter Rich pamoja na wahandisi walioichunguza mbinu ya Guastavino walijenga Kituo cha Maelezo cha Mapungubwe kwa vigae vya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo, vilivyotengenezwa na wakazi wa eneo lile waliofundishwa kazi hiyo. Mwaka 2009 jengo hilo lilipewa tuzo ya jengo bora la mwaka katika Tamasha la Dunia la Usanifu, ambalo mwaka huo, kwa sadfa nzuri, lilifanyika Barcelona. Kisha Kigali: banda la uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa 2017, ni matao matatu membamba yanayoruka kama mpira unaodunda, yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa Rwanda, na katikati ya matabaka umewekwa wavu wa plastiki ngumu kwa sababu nchi hiyo iko kwenye ukanda wa matetemeko. Wavu huo ni nyongeza ambayo mwashi wa Katalonia hakuwa nayo. Hapo ndipo ninapoona urithi hai kuliko kwenye jengo lolote linaloiga mapambo ya Gaudí, kwa sababu Gahanga haifanani na Barcelona hata kidogo.

Sayansi ina mifano ya aina hiyo hiyo. Hospitali ya Sant Pau mjini Barcelona, iliyochorwa na msanifu Lluís Domènech i Montaner na kujengwa kati ya 1902 na 1930, imewekwa mshazari dhidi ya mitaa ya jiji ili mabanda yake yapate jua na upepo, na imepambwa kwa vigae na michoro ya ukutani kwa imani kwamba mgonjwa anayetazama uzuri hupona vizuri zaidi. Ndani ya hospitali hiyo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, daktari bingwa wa upasuaji Josep Trueta alikabiliwa na majeruhi wa mabomu ya ndege waliovunjika mifupa na kufunguka nyama. Kwa madaktari wengi wa wakati ule jeraha la namna hiyo lilikuwa la kusafishwa na kufungwa upya kila siku, na likioza, mguu hukatwa. Trueta aliwahi kumpasua mgonjwa mapema, akakata nyama yote iliyokufa, akasafisha, akaacha njia ya usaha kutoka, kisha akaufunga mguu mzima kwa hogo, yaani bandeji ngumu ya jasi, na kuuacha kwa wiki kadhaa. Hogo lilinuka vibaya. Wauguzi walitaka lifunguliwe. Yeye alikataa, kwa sababu harufu haikuwa dalili ya hatari na kulifungua ndiko kulikoleta hatari. Katika majeruhi 1,073 aliowaripoti, waliofariki ni 6.

Yeye pia hakudai kwamba wazo lilianzia kwake: Mmarekani Winnett Orr alikuwa amefunga majeraha kwa hogo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alichokifanya Trueta ni kuonyesha kwamba hogo peke yake halitoshi, na kwamba kukata nyama iliyokufa ndiyo hatua inayookoa. Upande wake uliposhindwa vitani alikimbilia Uingereza mwaka 1939, na mbinu yake ikawahi kuwafikia madaktari wa huko kabla ya mabomu ya Wajerumani. Mwenzake Frederic Duran i Jordà, aliyeanzisha Barcelona mpango wa kukusanya damu, kuichanganya, kuifunga kwenye chupa na kuipeleka mstari wa mbele, alikimbilia huko huko na maarifa yake. Udikteta wa Jenerali Franco, mshindi wa vita hivyo, ulidhani umewafukuza watu wawili, kumbe ulikuwa umesafirisha vyuo viwili.

Mwanakemia Joan Oró, mtoto wa mwokaji mikate wa mji wa Lleida, Katalonia, aliondoka 1952 kwa sababu nyingine: nchini mwake hapakuwa na maabara ya kumtosha. Huko Houston, mwaka 1959, alipasha moto mchanganyiko wa sayanidi na amonia majini, akakuta ndani yake adenini, mojawapo ya herufi nne ambazo kwazo vinasaba vyetu vimeandikwa. Molekuli tano za haidrojeni sayanidi, sumu inayoua kwa dakika, zikiungana huwa adenini moja. Hesabu ya atomi inalingana kabisa, kaboni tano, haidrojeni tano, naitrojeni tano. Wapinzani walisema, na wanaendelea kusema, kwamba katika bahari za kale sayanidi ingekuwa chache mno kwa jambo hilo kutokea. Hoja hiyo ina uzito, na huenda ndiyo inayolipa thamani pendekezo la Oró la 1961, kwamba nyota zenye mkia zilileta sehemu ya malighafi ya uhai duniani. Adenini imekutwa baadaye ndani ya vimondo vilivyoanguka. Mwaka 1976, chombo cha Viking kilipotua Mirihi na udongo wake ukatoa gesi iliyowafanya wengine washangilie uhai, Oró alikuwa miongoni mwa waliosema kwa utulivu kwamba kemia tupu ya udongo ule ingeweza kutoa gesi hiyo hiyo.

Mfano wa upande wa pili, wa kazi isiyopata mrithi, ni mvumbuzi Narcís Monturiol. Alipoona hatari waliyoipata wazamiaji wa marijani huko Cadaqués, alibuni nyambizi ya mbao, Ictineu, akaijaribu bandarini Barcelona 1859. Ya pili ilishushwa majini 1864, na baadaye akaiwekea mtambo uliopata joto kutokana na mmenyuko wa kemikali uliotoa pia oksijeni, wazo lililokuwa mbele ya wakati wake kwa miongo mingi. Fedha za michango ya wananchi ziliisha, wadai wakaichukua, na mwaka 1868 ikauzwa kama chakavu. Werevu haukupungua hapo. Kilichokosekana ni karakana ya pili, mwanafunzi, jeshi la majini au mfanyabiashara wa kuishika kazi ilipomponyoka mwenyewe, na waliojenga nyambizi baadaye walianza upya. Ildefons Cerdà, mhandisi aliyechora upanuzi wa Barcelona uliokubaliwa 1860, yuko katikati: mitaa yake ya mita 20 na vitalu vya mita 113 vimedumu, lakini bustani alizozitaka ndani ya kila kitalu zilimezwa na wenye viwanja, waliojenga pande zote nne badala ya mbili. Kipimo kilirithiwa, nia ikaachwa.

Sanaa ya uchoraji huenda ikaonekana kuipinga hoja yangu, kwa kuwa mkono wa Miró haurithishwi. Hata hivyo kuta mbili za vigae zilizozinduliwa 1958 kwenye makao ya UNESCO mjini Paris zilitokana na Miró kuketi kama mwanafunzi kwa mfinyanzi Josep Llorens Artigas, aliyejua rangi gani hubadilika vipi ndani ya tanuri la kuni. Benchi refu la Park Güell nalo, ambalo kila mgeni hupiga picha, sehemu kubwa ya mpangilio wa vigae vyake vilivyovunjika ni kazi ya msanifu Josep Maria Jujol. Jina moja kwenye kibao limeficha mikono mingi, na hilo ni tatizo la vibao.

Linabaki suala linalobishaniwa Barcelona sasa hivi, ambalo kwangu ndilo linalopima kama warithi wameelewa walichorithi. Wajenzi wa Sagrada Família wanataka mbele ya lango kuu, upande wa mtaa wa Mallorca, pawe na ngazi pana itakayovuka barabara, na mpango huo ukitekelezwa kama ulivyo, nyumba za ghorofa zilizoko ng'ambo zitabomolewa. Wanasema ni matakwa ya Gaudí, wakazi wanabisha. Mimi naona ubishi juu ya karatasi iliyoungua au kusalia hautatui kitu. Kwenye kilima cha Park Güell mtu yule yule alizipindisha barabara na madaraja yake kufuata mteremko, akakataa kuisawazisha ardhi iliyompinga. Nyuzi zake za Santa Coloma zilibadilika umbo kila kifuko kilipoongezwa. Nyumba za mtaa wa Mallorca ni uzito ulioongezwa baada yake, na msanifu anayeijua kazi hiyo kweli angeanza upya kuchora ngazi hiyo huku watu wakiendelea kuishi ndani yake.